Jani la Mwisho

Kwanza, hatuandiki kwa wino.
Tunachanja. Kalamu ya chuma juu ya jani la mvumo
lililochemshwa, likaanikwa, likasuguliwa hadi likalainika,
na herufi haionekani; ni kovu lisilo na damu.
Kisha unapaka masizi na mafuta, unafuta,
na neno linabaki pale lilipoumia.

Ndivyo babu yetu Ukkurala,
mganga wa nyoka wa bonde la Dumbara,
alivyomweleza Bwana Wetherell, hakimu wa wilaya,
aliyekuja na farasi, wapagazi wanne, na risiti.
Ndiyo, risiti. Hakuiba. Alilipa rupia tatu
kwa vitabu kumi na viwili,
na chupa ya kwinini juu yake.

Mwaka mzima walikaa barazani.
"Na hili?"
"Mzizi."
"Mzizi gani?"
Ukkurala anainuka, anatoka mvuani na jani kichwani,
anarudi na mzizi wenye tope
anaulaza mezani, juu ya barua ya Gavana.
Alimpenda, nadhani. Hilo ndilo linalonikera.
Homa ilipomchukua kitindamimba wa Ukkurala
Bwana alikuja kwa miguu, bila kofia,
akakaa chini pamoja na wanaume wa kijiji
asiulize maana ya neno lolote.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
lakini mtungi ukifika sebuleni kata haitajwi.
Katika dibaji ameshukuriwa askofu,
ameshukuriwa mke, na mchapaji,
na farasi, kwa jina lake.
Babu ni "mwenyeji mmoja aliyenisaidia".

Leo niko London, chumba cha kusomea.
Kalamu yangu imebaki mlangoni. Nimepewa penseli,
na mto wa kukilaza kitabu
kana kwamba ndicho kilichokesha angani, si mimi.
Kijana wa zamu ananong'ona: taratibu na majani.
Nainama, nanusa.
Bado utomvu. Bado moshi wa jikoni kwetu.

Jani la mwisho ni dawa ya polonga:
neno la kale analopuliziwa sikioni aliyeumwa,
ambalo maana yake baba humwachia mwana
anapokata roho, si kabla,
wala si kwa rupia.
Nafungua tafsiri, ile yenye dhahabu mgongoni,
nione babu alimpa nini.

"Ewe Mwezi."

Na chini yake, kwa herufi ndogo, kurasa mbili
kuhusu ibada ya mwezi kwa wazee wetu.

Nacheka hadi kijana wa zamu anageuka.
Si mwezi. Mama aliniambia ni nini,
wodi namba sita, mpira wa oksijeni puani,
kwa kuwa hakujaliwa mwana
na saa zilikuwa zimekwisha.

Kijana anauliza kama nimeona kosa;
ipo fomu ya masahihisho.
Naichukua. Naandika: Ukkurala.
Jina la baba yake. Kijiji. Mto unaopita hapo.
Penye neno, napaacha wazi.