Mto Chini ya Sifuri

Kitabu cha hisabati kilitaka tuhesabu matufaha ya bwana mmoja
aliyenunua mia mbili, akaoza nayo sitini.
Darasa la nne likapiga miayo hadi nikaona magego.
Nikakifunga.
Nikawasha kompyuta, nikatupa mwanga ukutani,
nikafungua ukurasa wa vipimo vya mto Tisza,
huu huu wetu, unaopita nyuma ya kiwanja cha mpira,
ng'ambo ya tuta.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi: hasi mia moja na kumi na nne.

Emese akanyosha mkono kabla sijasema neno.
"Mwalimu, mto utakuwaje pungufu ya hakuna?
Samaki wanaogelea ndani ya deni?"
Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.
Miaka kumi na tisa nimefundisha namba hasi
kwa ngazi, kwa kipimajoto, kwa pesa za kukopa,
wala sijapata kuulizwa swali lenye magamba.

Tukavaa makoti, tukaenda darajani.
Kwenye nguzo, rula ya chuma,
na sifuri yake i juu, kavu, imekaliwa na konokono.
Nikawaambia: kuna mtu aliichora hapo zamani,
mwaka ambao maji yalishuka akadhani yamefika mwisho.
Emese akaigusa kwa kidole.
"Kumbe sifuri ni pale mtu alipochoka kuinama."

Tangu siku hiyo tuliusoma mto kabla ya kuita majina.

Kisha Jumatatu moja ya Novemba, kwetu jua,
kipimo cha mpakani kikaanza kupanda:
mvua imenyesha milimani, nchi ya watu wengine,
na watoto wa huko, alisema Botond, tayari wamelowa viatu.
Usiku, saa tisa, namba ikakatika.
Kistari kitupu, hakuna kitu nyuma yake.
Botond akajaza 0.
Nikamwambia futa. Kistari si sifuri.
Sifuri ni jibu; hiki ni kimya.
Akafuta hadi karatasi ikatoboka,
kando ya tundu akaandika kwa herufi za ngumi: HATUJUI.

Jumanne, saa mbili, maji ya mpakani yakafika kileleni.
Wimbi la mwezi Mei lilitumia saa hamsini na tatu kutufikia.
Wakajumlisha kwa vidole, kwa kalamu, kwa kugombana.
Alhamisi, saa saba mchana.
Hakuna aliyenionyesha kitabu kupata vema.

Zsombor alikwenda nalo jibu nyumbani kwa bibi yake Etelka,
mwenye stoo chini ya sakafu, iliyojaa jamu ya plamu.
Bibi akauliza, nani kasema? Redio?
"Mimi," akasema Zsombor.
Akapandisha chupa kumi na moja,
labda kwa kuamini, labda kwa kumridhisha mtoto.
Zilizobaki akaziacha.

Alhamisi tulisimama juu ya tuta tangu saa sita.
Saa saba: mto unapanda, bado unapanda.
Saa nane. Mkate wa siagi ukaisha mifukoni.
Saa tisa na dakika ishirini ukutani kwa mlinzi wa pampu
namba ikasimama, ikarudi nyuma kwa sentimita moja.
Zsombor alikaribia kulia.
"Tumekosea kwa saa mbili na dakika ishirini."
Sikumpa pole. Nilimpa kalamu,
akaandika kosa lake kwenye safu yake.
Emese alikuwa anatafuta nguzo.
Sifuri ilikuwa mbali chini ya maji ya rangi ya kahawa,
na konokono, sijui.

Wiki iliyofuata nilikuta chupa juu ya meza yangu.
Lebo imeoshwa na maji, kifuniko kina tope kwenye mkunjo.
Chini yake kipande cha gazeti, mwandiko wa kutetemeka:

Na kesho itakuwa ngapi?