Jalada la Kijani

Alishuka treni ya saa kumi alfajiri
na glavu nyeupe mfukoni,
akavuka reli, akaulizia Kanyenye nzima
kwa Kalunde mwenye vitabu vya Mpasuaradi.
Wakamwonyesha. Nani hanijui?
Mimi ndiye mwanamke aliyekataa friji
ili sanduku la bati lipate pa kukaa.

Nikalifungua. Akavuta pumzi, akapiga chafya.
"Tumbaku hiyo," nikamwambia.
Kila toleo hulilaza juu ya jani la Urambo,
mchwa wakinusa wanarudi walikotoka.
"Harufu hupunguza bei," akasema,
akaandika.

Jina lake alikuwa amenitajia kwenye simu.
Ndiyo maana la kwanza nililiacha mwisho.

La tatu: limekunjwa sikio.
La saba, linalotafutwa na kila mwenye akili,
maana ukurasa wa tisa, kona ya chini,
kuna kivuli kisichozidi nzi:
ndiye Kinamasi, adui, siku yake ya kwanza duniani,
hana jina bado, hana hata meno.
Mgeni akakiinamia kivuli kile na lenzi
kama mkunga anayesubiri kilio.
"Pini zimeliwa na kutu. Sita.
Sita na nusu, nikikuhurumia."
La kumi na moja halina kati:
kati ilifungia karanga pale stesheni
mwaka sukari ilipoadimika.

Kisha nikamtolea la kwanza.

Kote nchini joho la Mpasuaradi ni jekundu.
Lakini wiki ile wino mwekundu uliisha kiwandani,
mashine haikungoja,
na bunda moja, nakala arobaini,
likapandishwa behewa la kuja huku
joho likiwa kijani kama mchicha.
Sisi watoto wa Tabora tulidhani ndivyo alivyo.
Tulibishana na wageni hadi ngumi.
Leo kosa lile lina bei ya ng'ombe sita.

Glavu zikamtetemeka.
"Tisa," akanong'ona, "tisa kamili, mama,"
akataja fedha
nikasikia bati za paa langu zikijibadilisha zenyewe.

Akafunua jalada.

Ndani, upande mweupe, mwandiko wa baba yangu,
karani wa vifurushi:
Kusoma mara moja, sumni. Usilambe kidole.
Na chini, majina.
Ntabo, amelipa, tiki.
Mhoja wa Ng'ambo, amelipa, tiki.
Kasele, alilia, bure.
Safu nzima ya miguu peku ya mwaka sabini na nne.

"Maandishi," akasema, uso ukamporomoka.
"Mbili. Pengine tatu.
Kuna fundi Dar anajua kufuta, hutaona hata alama."
Nikamwambia, kabla hujafuta watu
wasome hadi mwisho.

Akasoma. Lenzi ikasimama.
Lubasha D., wa Cheyo. Mara mbili. Hajalipa.

Nje, treni ya Mpanda ikapiga honi,
mtu akakimbia na ndoo ya asali.
"Dominiki," akasema baada ya muda mrefu.
"Alituambia katuni ni upuuzi.
Zangu alizichoma, zote, uani,
akasimama pale na fimbo mpaka zikawa majivu."

Hakulia, msidhani.
Alivua glavu, akapekua mfuko wa suruali,
akatoa sarafu ya mia,
ndogo kuliko zote alizokuwa nazo.
"Pamoja na riba," akasema.

Nikachukua kalamu, ya wino, inayovuja,
nikatia tiki mbili mbele ya jina la baba yake,
nzito, hadi zikatokea upande wa pili
penye joho la kijani.

Tukatazamana.
"Moja na nusu sasa," akasema.

Nikalirudisha kwenye jani lake.