Deni la Giza

Miaka kumi na minne tu, Dakota Kusini,
Tobin keshapewa kibali:
akata katikati ya mahindi,
kidevu juu ya usukani.

Binamuye Eirin, huko Tromsø, kumi na minane,
breki kaziweza, barafu kaishinda,
limebaki somo moja: kuendesha gizani.
Lakini ni Juni, na jua
limekaa dirishani saa sita usiku
kama mgeni asiyejua kuaga.

Mwalimu Torgeir afunga daftari:
“Leseni chukua. Giza utalilipa Novemba.”

Amwandikia Tobin: nina deni la usiku.
Ajibiwa: huku usiku tele, dada,
ila saa nne ikigonga
sheria (kwetu jina lake Mama)
huuficha ufunguo
kwenye kopo la sukari.