Zawadi ya Harusi

Nesi anamuuliza binti yangu:
kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi?
Mabli ana miaka kumi na sita, shavu limemvimba
kama aliyeficha andazi.
Anafikiri kwa dhati, kama mtu anayepima unga.
"Sita," anasema. "Jana usiku nane.
Nikilalia kushoto, saba na nusu."
Nesi anaandika, hata ile nusu.

Hapa hapa Blaenau, mji wa mawe meusi na mvua,
bibi yake mama yangu hakuulizwa namba.
Gwenllian, miaka ishirini na mmoja.
Wiki moja kabla ya harusi baba yake alimpeleka
kwa mng'oaji aliyepanga chumba juu ya duka la buti.
Yakang'olewa yote, mabovu na mazima,
mume asije akagharamia meno ya mke.
Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi.
Alirudi kwa miguu, shali mdomoni,
na jioni akakanda mkate ambao asingeweza kuutafuna.

Picha ya harusi tunayo.
Midomo ameifumba
kama mapazia ya nyumba yenye msiba.
Wahenga walishasema, jino la pembe si dawa ya pengo;
yeye alikuwa na mapengo thelathini
na hakusema kitu.

Mwanawe Ifor alichonga mawe machimboni
hadi vumbi likapanga kifuani mwake.
Akitaka kukohoa alitoka uani, tusimhesabie.
Ukimuuliza hujambo, alijibu sijambo,
akiinyoosha, silabi moja moja: si, jambo.
Tulimzika na hilo lisilo jambo.

Mama ni wa karafuu na sala.
Alinizaa kwa saa thelathini bila sindano,
na kila siku yangu ya kuzaliwa
ananiletea keki pamoja na zile saa.

Mimi, nikiri, ni wa vidonge.
Nameza kabla kichwa hakijaamua kuuma.
Mkoba wangu ukitikiswa unalia kama kayamba.

Sasa mama ameketi kwenye kiti cha plastiki, koti hajalivua.
"Saba na nusu," anaguna. "Siku hizi
maumivu yana chenji."
Nami nacheka, Mungu anisamehe, nacheka naye,
kwa sababu ni rahisi kuliko kumtetea mtoto.

Mabli hakasiriki. Anageuka na shavu lake:
"Na goti lako, Nain? Ni ngapi?"

Mama anatazama dirisha.
Anatazama bango la meno yanayocheka ukutani.
Nangojea sijambo; naijua njia yake,
imetoka kwa Ifor, imetoka kwa shali ile.

"Tisa," anasema.
Halafu, kama anayerudisha kitu cha watu:
"Tangu mwaka juzi."

Nesi haandiki. Mgonjwa wake ni mwingine.
Mabli anaomba kalamu, anaiandika kiganjani,
tisa, kubwa, ya wino wa buluu.

Mkono wangu umo mkobani tayari, unapapasa.
Hata sijui natafuta nini.

Tunapotoka mvua bado inanyesha.
Mama anatangulia kwenye ngazi, hataki kushikwa,
na kwa mara ya kwanza naisikia miguu yake:
mmoja unakanyaga,
mwingine unaomba ruhusa.