Nyuma ya Pazia la Chanjo

Verna Dueck hakuja kununua vitamini,
ingawa ameishika chupa yake dakika ya saba sasa,
anasoma kibandiko kama anayesoma wasia.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Basi la shule linanguruma tupu mbele ya duka;
hathubutu kulizima, lisije likagoma.

Namjua. Tangu Septemba hanywi maji kabla ya zamu:
watoto thelathini na wawili,
kilomita sabini za Saskatchewan, ngano imekatwa, theluji imelala,
na choo hakuna
mpaka daraja la reli, na pale napo hakuna.
Kiu ameizoea.
Kisichozoeleka ni moto huu unaotoka tone, tone.

"Halyna," ananong'ona, "una ile juisi ya kranberi?"
Ninayo. Rafu ya tatu. Nimeiuza miaka kumi na tisa
kwa wanawake waliobana mapaja wakisubiri chenji,
nikiwaambia, kamwone daktari.
Daktari alikuwa anakuja Jumanne,
na siku zote walipokuja wao ilikuwa Jumatano.
Mimi nikarudi kwenye trei yangu ya bluu,
vidonge vitano vitano kwa kisu butu cha plastiki,
jina la dawa nalijua, kipimo nakijua,
ufunguo mkononi
na mlango wa mtu mwingine.

Sasa sheria imeniachia kalamu.
Si kubwa. Wino wake ni wa maradhi machache.
Namwita nyuma ya pazia tunapochomea chanjo:
viti viwili, sanduku la sindano, bango la mafua.

Lini?
Jana, baada ya kuwashusha mapacha.
Unaenda mara ngapi?
"Niulize mara ngapi siendi."
Homa? Baridi ya kutetemeka?
"Halyna, tuko Januari."
Tunacheka. Anajishika tumbo, anaacha kucheka.
Hapa, mgongoni, chini ya mbavu? Nagonga taratibu. Hapana.
Mimba?
Ana miaka arobaini na sita; ananiinulia nyusi.
Nangoja.
"Hapana, basi. Hapana."
Sukari? Figo? Dawa iliyowahi kukutoa vipele?
"Penisilini, nikiwa darasa la pili. Mama alinipaka maziwa."
Naandika penisilini. Maziwa siyaandiki.

Wiki iliyopita, kiti hichohicho,
mke wa Bohdan alijibu ndiyo kwa homa, ndiyo kwa mgongo,
meno yakigongana kama vikombe kwenye sinia.
Nikafunika kalamu.
Nikampigia Bohdan simu, lete gari, twaa blanketi,
hospitali, sasa hivi, usipitie nyumbani.
Nikabaki dirishani nikiitazama barabara
hata baada ya taa nyekundu kumezwa na vumbi la theluji.

Kwa Verna naandika.
Jina langu mahali pa jina la daktari.
Mara ya kwanza msaidizi wangu alilitazama, akacheka:
"Hakuna atakayeamini. Linasomeka."

Siku tano. Asubuhi na jioni, pamoja na chakula.
Mkojo ukigeuka rangi ya chai, usishtuke.
Moto ukizimika siku ya tatu, usiache; maliza.
Ukipata homa, au kesho kutwa hujaona nafuu,
usirudi kwangu, nenda kwa daktari.
Na unywe maji.

Hapo ananitazama.
"Nikinywa, nitakojoa wapi?"

Kwa hilo sina fomu.
Nimegeuza karatasi zote mbili, sina.
Ila kilomita ya thelathini na nne anakaa Agatha Toews,
mjane, mwenye mbwa na choo na simu.
Napiga. Inaita sana.
"Apite," Agatha anasema. "Mlango wa nyuma. Avue viatu."

Verna anameza ya kwanza palepale,
na nusu ya mkate wangu wa mchana,
na glasi nzima ya maji, akiishika kwa mikono miwili.
Saa nane na nusu. Shule inatoka saa tisa na robo.
Chupa ya vitamini ameiacha kaunta,
kibandiko kikitazama ukuta.