Galoni la Luhende

Kaka yangu Luhende ameshuka stendi ya Nyegezi
na galoni la lita tano, kifuniko kimefungwa kwa nailoni.
"Mwadila, Holo." Analitua mezani
kama mtu anayeweka ushahidi.

Maziwa ya yule mwekundu, mwenye pembe moja.
Mama yake nilimkamua nikiwa na miaka tisa,
paji langu la uso likiwa ubavuni mwake,
povu likipanda kibuyuni.

Nitamwambiaje?
Mimi niliyetolewa ng'ombe thelathini na wawili,
niliyekunywa mtindi kabla ya kujua maji,
tumbo langu mwaka juzi limeandika talaka.
Kikombe kimoja cha chai ya maziwa
na usiku kucha nahesabu misumari ya bati la choo.
Daktari aliniambia, "Acha tu maziwa,"
kwa sauti ile ile ya "acha soda."
Hakujua ananiambia niache nini.

Basi namenya viazi.

Viazi vya Bhoke, vimetoka Sirari,
alinipimia sado moja pale Mirongo, akaongeza viwili juu,
vyekundu, udongo bado machoni.
Ukivirundika kwenye sinia vinafanana na mtaa wetu,
Bugarika, mawe juu ya mawe
na nyumba zimejishikiza kati kama kupe.
Ila mawe haya yanakubali.
Maji, chumvi, nusu saa,
uma unaingia bila kubisha hodi.

Vitunguu ndivyo vyenye kesi.
Sita, vikubwa, nimevikata mwezi mwezi, nalia
kilio nilichokuwa nakitafutia sababu.
Mafuta ya alizeti, kisha naufunika mkaa kwa majivu
maana hapa moto mkali ni adui.
Kwanza vinapiga kelele. Halafu vinanong'ona.
Halafu vinalala.
Nusu saa: rangi ya nyasi za Julai.
Dakika arobaini: rangi ya ziwa baada ya mvua,
pale Mto Mirongo unapolitapikia matope.
Saa nzima: rangi ya yule ng'ombe.
Sikupanga. Nimeinua mwiko nikaiona tu,
wekundu wa kahawia, unang'aa.
Nadokoa kimoja. Kitamu, kitamu cha kukera,
na sukari sikutia hata chembe.

Luhende sebuleni anasoma kalenda ya mwaka jana.
"Mbona galoni hujafungua?"
"Naja."

Maji ya viazi sikuyamwaga yote.
Yale mazito, meupe kidogo,
yanayojifanya maziwa ukiyatazama kwa mbali,
nayarudisha kijiko kwa kijiko, naponda
kwa kitako cha kikombe cha bati,
mafuta ya vitunguu, pilipili manga, naponda,
mpaka mwiko ukisimikwa unasimama wenyewe.
Vitunguu nusu ndani, nusu juu.
Sato pembeni, mkia nje ya sahani.

Anakula kwa mkono, tonge kwa tonge, kimya.
Katikati anasimama.
"Siagi hii ya nani?"
"Hamna siagi."
"Maziwa umetia lini, na galoni limefungwa?"
"Hamna maziwa."
Ananitazama kama alivyonitazama siku ya mahari,
akihesabu.

Ndipo namwambia. Tumbo. Usiku. Misumari.
Hasemi pole.
Anavuta sufuria, anakwangua vitunguu vilivyogandia chini,
vile vyeusi vyeusi, anavitafuna.
"Mwekundu naye," anasema, "amekataa pumba tangu Februari.
Tukimpa anageuza shingo.
Siku hizi anakula majani ya viazi."

Maziwa wameyamaliza watoto wa jirani kabla ya magharibi,
midomo myeupe, wakigombania kikombe.
Asubuhi Luhende anaondoka na galoni lake.
Nimelisuuza mara tatu kwa maji ya moto.
Bado linanuka nyumbani.