Mafahali Wawili, Begi Moja

Khayumbi, muuza kamera nyuma ya soko la Kakamega,
alinipa lenzi zote mbili Ijumaa jioni,
amezifunga kwa fulana yake kuukuu.
"Jumatatu uniletee moja," akasema, "na pesa ya nyingine."
Akabaki na kitambulisho changu.

Ya kwanza: milimita mia tatu, basi.
Haivutiki, hairudi nyuma, haibembelezi mtu.
Nzito kama mtoto aliyelala,
kioo chake kipana kama kisosi cha chai,
kinameza mwanga kabla jua lenyewe halijaamua.

Ya pili ina maungo. Sabini hadi mia tatu:
unazungusha pete, shingo inatoka
kama kobe anayechungulia iwapo mvua imepita.
Nyepesi. Nusu ya bei.
Ila alfajiri inapapasa.

Mafahali wawili hawakai zizi moja,
na zizi langu ni begi lenye zipu mbovu,
na mfukoni nina pesa za fahali mmoja, tena kwa awamu.

Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo, Khayega.
Umande magotini. Isukuti zinakuja na barabara ya juu,
watu wanakimbia mbele yake na matawi mikononi.
Lumbasi anamleta Posta,
pembe zimenolewa kwa kipande cha chupa.
Upande wa pili Nusu Mkate, wa kutoka Shinyalu,
shingo gunia la mahindi.

Nilianza na ile isiyovutika.
Mimi sikuona kitu, yenyewe iliona:
mvuke wa pua, nywele moja moja za nundu,
inzi aliyewahi kuamka.
Kisha Posta akageuka, akaja upande wetu.
Mafundi wa kazi hii husema: nafasi ikikubana, tembea,
miguu yako ndiyo ya kuvuta na kusogeza.
Nawaalika Khayega.
Nilirudi hatua tano; ya sita ilikuwa mtaro.
Kwenye kidirisha, jicho.
Jicho tu, na tope juu ya kope.
Nikabonyeza nikiwa chini.

Walipotenganishwa nikabadilisha lenzi, vidole vikitetemeka.
Hii ya pili ilijua kutafuta riziki.
Wakikaribia naikunja, wakienda nawafuata:
pembe kwa pembe, matawi hewani,
kofia ya Lumbasi ikiruka, mama mmoja akicheka bila meno,
wote ndani, kama picha ya harusi.
Picha thelathini na moja. Ishirini na tisa zikauzwa kabla ya saa nne,
mia mia, kwa simu,
na mwenye nyumba wangu huko Lurambi hajui lenzi,
anajua tarehe tano.

Lumbasi alikuja mwisho, miguu imechanwa na miwa,
maana Posta alishindwa akakimbilia shambani kwa watu.
Akapekua kamera mpaka akafika kwenye jicho.
Akasimama hapo.
"Kwani," akauliza, "alikuwa anaogopa tangu mwanzo?"
Sikumjibu.
Hakuinunua. Alinirudishia kamera kwa mikono miwili,
kama anayerudisha sahani ya matanga.

Jumatatu nilirudisha ile nzito.
Khayumbi akafuta alama za vidole vyangu
polepole kuliko ilivyohitajika.
"Muhonja," akasema, "una hakika?"
Nikahesabu noti mbele yake, mara mbili.

Tangu hapo natembea na utepe mweusi.
Fahali wakishafungwa, watu wakielekea chai,
naibana pete kwenye mia tatu isizunguke,
nasimama mahali pamoja,
nangoja chochote kitakachokuja kwenye umbali huo.
Picha zinatoka na chenga, kama unga wa mtama.
Haziuziki. Ninazo mia na kitu.

Jana Lumbasi amepiga simu. Posta ameuzwa, hakusema kwa nani.
Nikasikia mlango wa zizi ukigonga, hauna wa kumfungia.
"Ile ya jicho," akasema,
"hujaifuta?"